Mzee nyumbani abaki na nguvu zake: hatua kwa hatua, kuanzia njia ya chooni usiku

Shikamooni wazee wangu mnaosoma hapa, na nyie wenzangu mnaolea wazazi nyumbani poleni na hongereni.

Mama yangu ana miaka 79, tunaishi nae Tanga, presha anayo tangu zamani na sukari ilikuja baadae. Miaka mitatu iliyopita alianguka saa tisa usiku akielekea chooni. Hakuvunjika, Alhamdulillah, lakini baada ya pale sisi watoto tukafanya kosa ambalo naliona nyumba nyingi sana, tukamkalisha. Mama usifagie, mama usiende sokoni, mama kaa tu tutakuletea, mpaka chai tukawa tunampelekea kitandani, na tulifanya kwa mapenzi kabisa. Miezi miwili haikuisha miguu imekuwa myembamba, kuinuka kwenye kochi mpaka avutwe, chakula hataki, usiku halali maana mchana kutwa anasinzia, na kila anayekuja kumjulia hali anasema ndio uzee huo. Haukuwa uzee, ni sisi tulimkalisha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndie aliyetuambia ukweli, na tangu siku ile tumejifunza mengi, mengine kwa wahudumu wa afya na mengine kwa kukosea wenyewe. Nayaandika kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza leo upya.

HATUA YA 1: Tembea njia yake ya usiku

Usianze na dawa wala chakula, anza na njia ya kutoka kitandani mpaka chooni. Subiri usiku, zima taa zote, lala kwenye kitanda cha mzee wako alafu inuka uende chooni kama anavyoenda yeye, polepole, bila simu ya kumulika. Mi nilipofanya hivyo nikajikwaa mara mbili ndani ya chumba ambacho nakifagia kila siku, mara ya kwanza kwenye kona ya mkeka na ya pili kwenye waya wa extension.

Sasa rekebisha ulivyoviona. Mkeka na zulia dogo toa kabisa, usiseme utalibandika. Waya zipite ukutani. Ndoo, stuli na viatu vya wajukuu visikae njiani. Kizingiti cha mlango kama kipo kipake rangi nyeupe kionekane. Weka taa ndogo ya kuchomeka ukutani, na kwa sababu umeme unakatika, funga tochi kwa kamba kwenye kichwa cha kitanda iwe inaning'inia mkono unapofika. Kitanda kisiwe kirefu mpaka miguu ining'inie wala kifupi mpaka magoti yapande juu, akikaa ukingoni nyayo zote mbili zikanyage sakafu.

Alafu angalia anavaa nini. Madera yetu haya marefu ndio yanaangusha kina mama, mama yangu alikanyaga dera lake. Kata pindo liishie juu ya kifundo cha mguu. Ndala zilizolika chini tupa, mnunulie kiatu chepesi chenye kamba au mkanda wa nyuma na soli isiyoteleza, na soksi tupu kwenye sakafu ya tailizi hapana.

Chooni ndio penye hatari kubwa kwa sababu pana maji. Mwite fundi wa kuchomelea akuwekee bomba la chuma ukutani, moja karibu na choo na jingine pale anapoogea, lifungwe kwa bolti ndani ya tofali, mtu mzima aning'inie nalo kabla mzee hajalishika. Ile fimbo ya kutundikia taulo sio ya kushikia, itang'oka nae. Kama choo ni cha kuchuchumaa na magoti hayataki tena, seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati na miguu imara ya kukaa juu ya choo. Nimeona watu wanatoboa kile kiti cha plastiki cheupe, tafadhali msifanye hivyo, kikishatobolewa kinapasuka na kinateleza. Kuoga aoge amekaa, na mlango usifungwe kwa komeo la ndani, mbadilishane tu alama, kwetu kanga ikiwa juu ya mlango maana yake mama yuko ndani.

Na kanuni moja ambayo mzee mwenyewe aishike: usiinuke kitandani moja kwa moja. Kaa ukingoni, hesabu mpaka thelathini huku unachezesha nyayo, simama umeshika kitu, tulia kidogo, ndio utembee. Mtu wa umri huo akisimama ghafla presha inashuka, hasa akiwa anatumia dawa za presha, na kizunguzungu kile ndio kinamwangusha.

HATUA YA 2: Jueni cha kufanya akianguka, kabla hajaanguka

Wote tunakimbilia kumvuta mikono. Acha. Mwache alivyo, ongea nae kwanza, muulize panauma wapi. Kama nyonga inauma na hawezi kuunyanyua mguu, au mguu mmoja unaonekana mfupi na nyayo imegeukia nje, hapo ni mfupa wa nyonga umevunjika mpaka hospitali iseme vinginevyo, usimsimamishe, usimkande kwa maji ya moto, usimpeleke kwa mtu wa kuunga mifupa, tafuta gari na ubao au godoro abebwe amelala. Akigonga kichwa na baadae akatapika, akawa anasinzia kupita kawaida au anaongea visivyoeleweka, hospitali, hata kama ni siku ya pili yake. Na kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi usisubiri dalili yoyote.

Kama hakuna maumivu makubwa, mlete kiti imara karibu na kichwa chake, ageuke ubavu, apande kwenye mikono na magoti, ashike kiti, aweke mguu wenye nguvu mbele ajisukume juu, na wewe unamletea kiti cha pili nyuma akae. Anainuka mwenyewe, wewe unaelekeza tu, mgongo wako nao unapona.

HATUA YA 3: Mrudishie miguu yake, na kazi zake

Hapa ndio moyo wangu ulipo kwa hiyo nivumilieni niseme kwa kirefu. Hata mzee mwenye afya njema akilala tu kitandani siku kumi anapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na kuirudisha kunachukua muda mrefu kuliko kuipoteza. Sasa fikiria aliyekalishwa miezi. Shirika la Afya Duniani linasema mwenye miaka 65 na kuendelea naye anatakiwa apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, na mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi. Dakika 150 ukizigawa ni ishirini na kitu kwa siku, kwenda dukani na kurudi taratibu mara mbili umemaliza.

Tulichofanya sisi ni hivi. Kiti cha mbao chenye mikono, kimeegemezwa ukutani kisirudi nyuma, sio kochi maana kochi linameza mtu. Mama anakaa, anasogea mbele kidogo, nyayo nyuma kidogo ya magoti, anasimama, anakaa polepole bila kujitupa. Mwanzo alisukuma kwa mikono na aliweza mara tatu tu akachoka. Tukawa tunafanya asubuhi baada ya chai na jioni kabla ya magharibi, kila wiki tunaongeza moja. Ukitaka kujua mlipofika mpime: mikono imekunjwa kifuani, ndani ya sekunde 30 anasimama mara ngapi? Mwanamke wa miaka 75 mpaka 79 akiwa chini ya 10 miguu bado ni dhaifu na hatari ya kuanguka ipo, mwanaume wa umri huo ni chini ya 11. Mama alianza na 4, sasa hivi anafika 11 na anatutangazia nyumba nzima.

La pili, ashike ukingo wa karo la jikoni anyanyue visigino, ashushe, mara kumi. La tatu, asimame kwenye fremu ya mlango, mikono karibu na pande zote mbili, aweke mguu mmoja mbele ya mwingine kama anatembea juu ya kamba, ahesabu kumi, abadilishe. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au anahema mpaka hawezi kuongea anaacha na mnaenda kuonana na daktari.

Mama alikuwa anaswali amekaa tangu aanguke. Alipopata nguvu alianza kusimama na kurukuu amesimama, sijda bado anafanya kwenye kiti, na hakuna mazoezi niliyowahi kumpa ambayo anayafanya kwa moyo kama hayo, mara tano kwa siku bila kukumbushwa.

Alafu kazi. Nisikilize mlezi mwenzangu, usimnyang'anye mzee kazi, mtafutie namna ya kuifanya salama. Kuchambua mchele na choroko, kukunja nguo, kumwagilia michicha, kumsikiliza mjukuu akisoma, kupanga leo kunapikwa nini na kumtuma mtu sokoni akiwa na maagizo kamili. Kukuna nazi tulimkatalia kwa sababu mbuzi iko chini mno, akakasirika, tukampelekea seremala akaiongezea miguu, sasa anakuna. Ufagio uwe wa mpini mrefu. Itachukua muda mara tatu ya wewe ungefanya, sawa, acha ichukue.

Kama anahitaji gongo la kutembelea, mpimie: asimame wima mkono umening'inia, kishikio kifike usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Analishika upande wa mguu MZIMA, sio upande wa mguu mbovu, wengi wanakosea hapo. Chini liwe na mpira, fundi viatu atakukatia kipande cha tairi.

HATUA YA 4: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Kila nyumba ya mzee kuna ule mfuko. Mwaga vyote mezani, vya hospitali, vya dukani, vya jirani, na za miti shamba pia. Zilizopita muda weka pembeni, zilizobaki ziandike kwenye daftari moja: jina, anakunywa ngapi, saa ngapi, ya nini. Beba daftari pamoja na mfuko wenyewe umpelekee daktari au mfamasia mmoja aangalie zote kwa pamoja. Utashangaa, unaweza kukuta dawa ile ile iko mara mbili kwa majina tofauti kwa sababu iliandikwa na hospitali mbili.

Mambo ya kuuliza hasa. Dawa za maumivu za diclofenac na ibuprofen, hizi wazee wanazinywa kama karanga kwa ajili ya magoti, lakini zinapandisha presha, zinaumiza figo na zinatoboa tumbo, na akiwa na dawa za presha hatari inaongezeka. Mama aliuziwa diclofenac duka la dawa, akanywa wiki tatu, presha ikawa haishuki na sisi tunalaumu chumvi. Dawa za mafua na aleji zinazoleta usingizi, mzee zinaweza kumchanganya akili na kumfungia mkojo. Dawa ya kutoa maji mwilini inywewe asubuhi, akiinywa usiku unamtuma chooni gizani mara nne. Kwenye dawa za presha, amlodipine inaweza kuvimbisha miguu, enalapril na captopril zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, mwambie daktari abadilishe, usimwachishe mwenyewe. Na presha ikiwa nzuri haimaanishi amepona, ni dawa ndio inafanya kazi.

Wenye sukari, hii isomeni mara mbili. Kidonge cha glibenclamide na sindano ya insulini zinashusha sukari hata kama mtu hajala. Mzee akinywa dawa akakataa chakula, sukari inaanguka: jasho, kutetemeka, njaa, kuongea ovyo, au anakuwa mkali ghafla. Ikiwa chini ya 4 kwenye mashine ya sukari (kipimo cha mmol/L), mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena, ikipanda apate chakula. Kama hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbizeni hospitali. Na Ramadhani isikukute hujaongea na daktari, mwone wiki kadhaa kabla, na mzee ambaye kufunga kutamdhuru ana ruhusa ya kutoa fidia, msimwache ajifiche na kizunguzungu chake kwa kuona aibu.

HATUA YA 5: Pima presha vizuri au usipime

Namba ya uongo ni mbaya kuliko kutojua. Nunua mashine ya kufunga mkono wa juu, sio ya kifundo cha mkono. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara, mkojo atoe, akae dakika tano mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa kikae juu ya ngozi na sio juu ya nguo, na asiongee. Pima mara mbili ukiachanisha dakika moja, andika zote na saa. Kuanzia 140 kwa 90 mara kwa mara ni presha ya juu. Ukikuta 180 kwa 120 tulia, mpumzishe dakika tano upime tena, ikibaki hapo na ana maumivu ya kifua, kichwa kinauma sana, haoni vizuri au upande mmoja umelegea ni dharura, kama hana dalili yoyote mpigie daktari wake siku hiyo hiyo.

Mara moja moja pima amekaa, alafu asimame upime baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mwambie daktari, huenda dawa ni nyingi.

HATUA YA 6: Sahani na glasi

Tatizo la wazee wetu wengi sio kula sana, ni kula wanga mtupu. Asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana ugali na mchuzi, jioni uji. Misuli haijengwi na hivyo. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: yai, maziwa ya mtindi, dagaa, samaki, kunde, choroko, maharage. Kama meno hayapo usimnyime, dagaa wakaange wakauke uwasage uweke kwenye mchuzi, choroko ichemke mpaka ivurugike, yai liwe rojo. Anayeshiba haraka mpe kidogo kidogo mara tano. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kwanza kuhusu vyakula hivi.

Chumvi jumla isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyojificha kwenye ng'onda, achari na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Sisi watu wa pwani tuna ndimu, tangawizi, bizari, kitunguu saumu na nazi, chakula hakiwezi kukosa ladha.

Maji ni vita. Kiu inapungua na umri, alafu wengi wanajinyima makusudi ili wasiende chooni, matokeo yake choo kigumu, kizunguzungu na maambukizi ya mkojo. Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, anywe nyingi kabla ya alasiri, baada ya magharibi apunguze. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi hajanywa. Isipokuwa daktari amempimia maji kwa ajili ya moyo au figo.

Nguo zikianza kumpwaya mpime uzito. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya miezi sita bila kutaka, hiyo sio uzee, peleka hospitali.

HATUA YA 7: Macho, masikio, meno, miguu

Haraka haraka. Macho yakiwa na ukungu huenda ni mtoto wa jicho, upasuaji wake ni mfupi na hauhitaji kulazwa muda mrefu, wazee wanakaa gizani miaka bure. Asiyesikia angaliwe kwanza nta sikioni, na ongea nae uso kwa uso, sauti nzito na taratibu, kupiga kelele hakusaidii. Meno ya bandia yatolewe usiku yalale kwenye maji. Miguu ya mwenye sukari ikague kila jioni mpaka katikati ya vidole, kucha zikatwe kwa kunyooka, asiloweke miguu kwenye maji ya moto maana hasikii kama anaungua, na asitembee peku hata uani.

HATUA YA 8: Akianza kusahau

Kusahau alipoweka miwani ni kitu kimoja. Kusahau miwani inafanya kazi gani, kupotea njia ya msikitini aliyoipita miaka arobaini, kupika mara mbili, hapo ni pa kwenda hospitali. Sio kila kusahau ni ugonjwa usio na dawa: uziwi, huzuni baada ya kufiwa, tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12 (dawa ya sukari ya metformin ikinywewa miaka mingi inaweza kuuleta) vyote vinafanana na kusahau na vinatibika.

Lakini kama amebadilika ndani ya siku moja mbili, jana alikuwa sawa na leo anaona watu ambao hawapo au amelala tu, hiyo ni dharura. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au kifua, na mzee anaweza asiwe na homa kabisa, au ni dawa mpya, au kukosa maji. Usisubiri.

Aliyepoteza kumbukumbu usibishane nae. Akiulizia mama yake aliyefariki zamani usimwambie alishakufa, atalia upya kila siku, mwambie hebu nihadithie alikuwa anapika nini. Shonea namba yako ya simu kwenye pindo la nguo yake, na waambie majirani. Waambieni kwa uwazi, ni ugonjwa wa ubongo, sio uchawi. Usukumani bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia familia miaka yote, na bibi anayeongea peke yake usiku yuko kwenye hatari hiyo hiyo jirani asipoelewa.

HATUA YA 9: Asiyeweza kuinuka kabisa

Mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ubavu huu, ubavu ule, mgongo, na mto mgongoni kumshikilia na mwingine katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Kagua makalio, nyonga na visigino kila unapomsafisha. Ukiona wekundu usioisha ukiubonyeza usiusugue, usimlalie tena upande huo, hicho ndio kidonda kinaanza. Pampasi ibadilishwe mapema, ngozi ikauke, upake mafuta ya mgando. Shuka lisiwe na mikunjo wala makombo.

Kulisha: akae wima kabisa, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, ameze ndio uongeze, na abaki amekaa nusu saa. Kumhamisha kwenda kitini mfunge kanga imara kiunoni uishike, magoti yako yazuie yake, mgongo wako unyooke, usimshike chini ya makwapa, na usimning'inize shingoni kwako.

Na muombe ruhusa kabla hujamvua nguo. Ni mama yako, ni baba yako. Mfunike kanga unapomuogesha, funga mlango, na kama inawezekana mwanamke aogeshwe na mwanamke, mwanaume na mwanaume.

HATUA YA 10: Gawaneni kazi, kwa maandishi

Karibu kila familia mzigo unamwangukia binti mmoja, mara nyingi asiyeolewa au asiye na ajira, wengine wanatuma pesa na lawama. Kaeni kikao, hata kwa simu. Andikeni nani analala nae usiku gani, nani anapeleka kliniki, nani analipia dawa, nani anampumzisha mlezi Jumapili nzima. Aliyeko mbali nae ana kazi, kaka yetu aliyeko Muscat anapiga kila siku saa mbili usiku, hiyo ndio simu ya dawa, mama anakunywa huku wanaongea na hajawahi kuisahau tangu tuanze.

Dada wa kazi kama ndie anayebaki nae, mfundishe hatua zote hizi, mwongeze mshahara maana ni kazi nyingine kabisa, na apate siku ya kupumzika. Na wewe mlezi ukiona unampigia mzee kelele, hulali, unalia bure, sema kabla hujaharibikiwa. Niliwahi kufika hapo. Nilimwambia dada yangu, akaja wiki mbili, nikalala.

HATUA YA 11: Makaratasi

Tanzania mzee ni kuanzia miaka 60, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ndio inasema hivyo, na asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, fuatilia utambulisho wake kupitia serikali ya mtaa na ustawi wa jamii kabla hajaumwa. Ukifika hospitali uliza dirisha la wazee. Zanzibar kuna pensheni jamii tangu 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, na Kenya kuna Inua Jamii kwa umri huo huo, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Vitambulisho vyote piga picha uweke kwenye simu za watoto wawili. Mkae mmuelekeze pia kwamba namba ya siri ya pesa za simu haambiwi mtu yeyote anayepiga, hata akijitambulisha ni wa kampuni ya simu.

HATUA YA 12: Mfuko wa dharura, uandaliwe leo

Kiharusi mnakijua hivi: mwambie acheke, mdomo umepinda upande? Anyanyue mikono yote, mmoja unashuka? Aseme leo siku gani, ulimi mzito? Moja tu inatosha. Andika saa ilipoanza, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu na sio kila hospitali inayo, ulizia mapema kwenu ni wapi. Asipewe kidonge wala maji. Moyo nao kwa wazee, hasa wenye sukari, unaweza kusumbua bila maumivu ya kifua: anahema, jasho la baridi, uchovu wa ghafla, kichefuchefu.

Muwe na namba za madereva wawili wanaokubali kuamshwa usiku, sio mmoja, na muongee nao kabla. Mfuko ukae nyuma ya mlango: kanga mbili, nguo ya kubadilisha, pampasi, sabuni, chupa ya maji, miwani, meno ya bandia na kikopo chake, chaja, nakala ya kitambulisho na kadi ya bima, pesa kidogo taslimu. Daftari la dawa na presha liwe juu kabisa, maana hilo ndio la kwanza nesi ataliulizia, na kila mkirudi kliniki yeyote aliyempeleka aandike kilichobadilishwa kabla hajavua viatu.